Magamba ya kurithi au fangasi: uanze na kipimo kipi?

Mtoto wa dada yangu ana iktiosi vulgaris, ugonjwa wa kurithi wa ngozi kavu yenye magamba. Magamba yalianza kabla hajafikisha mwaka mmoja, na hakuna aliyeshtuka, maana baba yake anayo na babu yake mzaa baba alikuwa nayo. Alipofika miaka 6 kichwa kikaanza kutoa unga mwingi kuliko kawaida, nywele zikapungua upande mmoja, na nyuma ya goti la kushoto pakatokea baka linalowasha usiku. Walikokwenda waliambiwa hiyo ndiyo ngozi yake, wakapewa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi. Baka likatulia wiki mbili, kisha likarudi kubwa zaidi. Wakaongezewa krimu ileile. Ikaenda hivyo miezi minane.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka mingi nimekaa mbele ya hadubini nikisoma magamba ya watu nisiowajua, na huku mtoto wa damu yangu anapakwa steroidi miezi minane bila mtu kumkwangua hata mara moja. Inaniuma mpaka leo.

Dada aliponitumia picha, kilichonishtua ni mahali penyewe. Iktiosi vulgaris huacha mikunjo: nyuma ya magoti, ndani ya viwiko, kinena. Mtoto huyu alikuwa na miguu mikavu kama gome la mti, lakini nyuma ya magoti palikuwa laini tangu utotoni. Magamba mapya mahali ambapo ugonjwa wenyewe haufiki yanataka maelezo.

Basi nimeweka hapa vipimo vyote vya fangasi bega kwa bega, kwa ajili ya wazazi, wenye ngozi hizi, na watabibu wa zahanati wanaowapokea kwanza. Ulinganisho wa kawaida unaousoma kwingine umeandikwa kwa ngozi ya kawaida. Kwenye ngozi ya kurithi yenye magamba au malengelenge, vipimo vilevile hubadilika tabia.

Kwa nini macho hayatoshi

Fangasi wanaoleta choa, mapunye na vidonda vya katikati ya vidole hula keratini, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Mwenye iktiosi au keratodema, yaani viganja na nyayo nene kupita kiasi, ana tabaka hilo kwa wingi, halibanduki kwa wakati wake, na ukuta wake una nyufa. Fangasi wamepata chakula na mlango.

Kwenye ngozi ya kawaida choa hujitangaza kwa duara lenye ukingo ulioinuka na katikati panapopona. Kwenye iktiosi duara hilo hufunikwa na magamba ya siku zote. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu nao huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, kwa hiyo hata daktari makini anaweza kupitwa. Kwa wenye keratodema ya kurithi, utafiti wa kaskazini mwa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta fangasi kwa zaidi ya theluthi moja ya watu. Wengi wao wangeweza kuishi wakiamini kwamba nyayo zinazopasuka na kuwasha ni urithi tu.

Yanayonifanya niseme "mkwangueni huyu" ni muwasho mpya. Tatizo la upande mmoja katika ugonjwa ambao huwa pande zote mbili. Nywele kukatika kwa mabaka. Kucha mbili tatu kubadilika huku nyingine zikibaki vilevile. Na krimu ya steroidi inayotuliza kwa muda kisha baka linarudi limepanuka. Uliza pia nyumbani: kuna mtoto mwingine mwenye mapunye? Paka mwenye mabaka? Ndama?

Kwa haraka

| Kipimo | Majibu | Kinataja aina ya fangasi? | Tahadhari kwenye ngozi ya kurithi |
|---|---|---|---|
| Kukwangua na hadubini | siku hiyohiyo | hapana | mafuta na magamba mazito hudanganya; mwenye EB (ugonjwa wa kurithi wa malengelenge) hakwanguliwi |
| Kuotesha | wiki 2 hadi 4 | ndiyo | bakteria na ukungu wa hewani huvamia sampuli |
| Taa ya Wood | papo hapo | mara chache | mafuta ya kupaka nayo hung'aa |
| PCR (kipimo cha vinasaba) | siku 1 hadi 2 maabara ikiwa karibu | ndiyo, walio kwenye orodha yake | huona hata fangasi waliokufa |
| Kinyama (kipande cha ngozi kilichokatwa) | siku kadhaa hadi wiki | hapana, kwa kawaida | kidonda. Kwa EB ni uamuzi mzito |

Kukwangua na hadubini: anza hapa

Mhudumu hufuta eneo kwa spiriti, hukwangua kwa ubapa wa kisu butu, huweka magamba kwenye kioo na kudondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20. Kemikali hiyo huyeyusha seli za ngozi na kuwaacha fangasi, ambao kuta zao ni ngumu zaidi. Baada ya dakika 10 hadi 30 nyuzi huonekana: ndefu, zenye vyumba, zinazotoa matawi, zikikatiza mipaka ya seli. Vifaa vyake ni vichache na hospitali yoyote yenye hadubini inaweza kukifanya. Ukiacha taa ya Wood, ambayo nitaieleza chini, hakuna kipimo kingine kinachokupa jibu kabla hujapanda gari la kurudi nyumbani.

Udhaifu wake kwenye iktiosi ni wingi wa magamba. Ukikwangua popote utapata rundo, na rundo hilo linaweza lisiwe na uzi hata mmoja, kwa sababu fangasi wako ukingoni mwa baka jipya. Mzazi, onyesha kwa kidole: "Hapa ndipo pamebadilika, hapa ni pa siku zote." Wewe unaijua ngozi ya mwanao kuliko yeyote aliye chumbani humo. Omba zichukuliwe sehemu mbili au tatu. Kama kichwa kimehusika, zing'olewe nywele zilizokatika, maana unga peke yake hautoshi. Kwa mtoto mwenye kichwa chenye maumivu, mswaki mpya uliosuguliwa taratibu kichwani hukusanya sampuli nzuri bila kilio.

Magamba mazito pia huchelewa kuyeyuka. Mtu wa maabara akisoma kioo dakika ya kumi kama alivyozoea, ataona ukuta mweusi na kuandika "hakuna fangasi". Yaachwe saa nzima au zaidi, kwenye chombo chenye unyevu ili kioo kisikauke.

Halafu kuna udanganyifu wa upande wa pili. Matone ya mafuta ya mgando hufanana na mbegu za hamira. Mafuta ya asili ya ngozi yakiganda kwenye mipaka ya seli hutengeneza mchoro kama wavu, na anayeanza kazi huuita nyuzi. Niliwahi kuuita hivyo mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, na mwalimu wangu akanikalisha chini nifuate kila uzi kwa jicho: ukiishia kwenye mpaka wa kila seli, huo ni wavu, ukipita katikati ya seli, huyo ni fangasi. Kwa sababu hii, eneo litakalokwanguliwa lisipakwe kitu kwa siku moja. Nasema eneo hilo tu. Mtoto mwenye iktiosi akikaa mwili mzima bila mafuta atapasuka na kuteseka, na hakuna kipimo kinachostahili hilo.

Dawa za fangasi za kupaka huondoa ushahidi, na kwa kawaida tunaomba ziwe zimesimamishwa wiki 2 kabla; za kumeza, mwezi au zaidi, kama daktari ameridhia.

Kuna njia laini zaidi, ya kubandika utepe wa gundi angavu na kuubandua na magamba. Kwa mtoto mwenye iktiosi anayeogopa kisu inafaa sana. Kwa mwenye epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi wa malengelenge tunaouita EB kwa kifupi, utepe ni marufuku, kwa kuwa utabanduka na ngozi. Hapo tunakata kwa mkasi mdogo kipande cha ngozi iliyokwisha kuachia kwenye lengelenge, au tunapangusa kwa pamba iliyoloanishwa.

Jibu la "hakuna" halifungi mjadala. Kipimo hiki hukosa wagonjwa wa kweli mara nyingi kiasi kwamba, dalili zikiwepo, rudia.

Kuotesha: ndugu wa pili

Magamba yaleyale, nusu yake, hupandwa kwenye chakula cha fangasi kinachobeba jina la Sabouraud, daktari wa ngozi wa Paris, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Kisha unangoja. Wiki 2 ni bahati, 4 ni kawaida kabla ya kuandika kwamba hakijaota kitu.

Kwa nini ungoje mwezi mzima ikiwa hadubini imekwisha kusema ndiyo? Kwa mapunye sababu ni nzito. Fangasi wa jamii ya Microsporum huitikia zaidi dawa ya griseofulvini. Wa jamii ya Trichophyton huitikia vizuri dawa ya terbinafini, tena kwa muda mfupi zaidi. Ukijua ni Microsporum canis, unamtafuta paka. Na mwenye ngozi ya kurithi hurudiwa mara kwa mara: jina la fangasi hukuambia kama huyu ni yule wa mwaka jana ambaye hakuisha au ni mgeni.

Tatizo ni uvamizi. Magamba yaliyokaa mwilini muda mrefu yana bakteria na ukungu wa hewani, na sahani inaweza kufunikwa kabla ya fangasi halisi kuinua kichwa. Maabara iambiwe kwamba sampuli ni ya fangasi wa ngozi, ili itumie sahani zenye dawa za kuzuia wavamizi. Kwa vidonda vya EB, na kwa mikunjo yenye majimaji ya magonjwa mengine ya kurithi, Darier na Hailey-Hailey, kuota kwa fangasi Candida peke yake hakuthibitishi maambukizi, kwa sababu Candida hukaa kwenye kidonda kama mpangaji asiye na madhara. Jibu hilo lisomwe pamoja na hali ya mgonjwa: harufu, maumivu, vipele vidogo vinavyozunguka baka.

Kuotesha kuna faida moja ambayo watu wa mbali na miji hawaambiwi. Magamba makavu yaliyofungwa kwenye karatasi safi (nyeusi ikipatikana, ili yaonekane) hubaki na fangasi hai kwa wiki kadhaa. Yasiwekwe kwenye kichupa chenye unyevu, yataoza. Sampuli ya mtoto wetu ilitoka Singida kwenye bahasha, ikapanda basi hadi Arusha, na ikaota.

Taa ya Wood

Nitakuwa mfupi. Taa hii ya mwanga wa nanomita 365 huwasha kijani nywele zenye Microsporum, na rangi ya matumbawe mekundu kwenye eritrasma, ambayo ni bakteria wa mikunjo anayechanganywa na fangasi. Kwa hilo la pili naipenda. Lakini Trichophyton violaceum, mmoja wa wanaoleta sana mapunye Afrika Mashariki, hawaki kabisa. Mafuta ya mgando na asidi ya salisiliki, vitu ambavyo mwenye iktiosi anapaka kila siku, hung'aa vyenyewe. Mtu asikurudishe nyumbani kwa sababu taa haikuwaka.

PCR

Tangu korona kila mtu anaijua PCR, na wengi huamini ndiyo ya mwisho kwa ukweli. Ni nyepesi kugundua na hutaja jina upesi. Lakini hutafuta fangasi waliowekwa kwenye orodha yake tu. Iliyotengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya inaweza isiwe na wa kwetu, kwa hiyo uliza orodha kabla ya kulipa. Huona pia vinasaba vya fangasi waliokufa, kwa hiyo haifai kuulizia mara tu baada ya dozi kama umepona.

Naiweka mbele katika hali moja: choa kilichosambaa, kisichosikia terbinafini, hasa kwa mtu aliyeishi au mwenye jamaa waliotoka India au nchi za Ghuba. Huko kumeenea Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi ni sugu kwa terbinafini, na kwenye sahani hufanana na ndugu zake kiasi kwamba vipimo vya vinasaba ndivyo vinavyomtenganisha.

Kinyama

Daktari hukata kipande kidogo, na patholojia hukipaka rangi ya PAS inayofanya kuta za fangasi ziwe na rangi nyekundu ya zambarau. Kwa choa cha kawaida ni gharama na kovu bila sababu. Kwa EB ni kidonda kipya kwa mtu ambaye maisha yake yote ni vidonda.

Lakini kuna milango mitatu ambapo kinyama hupanda kutoka mwisho hadi mbele. Wa kwanza ni mabaka bapa, yaliyopauka au ya kahawia, yanayofanana na fangasi wa mabaka ya kifuani, lakini kila ukikwangua hakuna kitu na dawa hazigusi. Yanaweza kuwa epidemodisplasia verusifomisi, ugonjwa wa kurithi uliotambuliwa mwaka 1922, ambapo mwili hushindwa kuzuia virusi vya jamii ya HPV, na mabaka ya sehemu zinazopigwa na jua hugeuka saratani baadaye. Anayefanana na mgonjwa wa fangasi akipakwa dawa za fangasi miaka kumi anapoteza miaka ambayo alipaswa kujikinga na jua na kuchunguzwa.

Mlango wa pili ni uvimbe au kidonda kisichopona. Wenye KID, ugonjwa wa kurithi unaounganisha ngozi nene, macho na uziwi, hupata Candida sugu na pia saratani ya ngozi. Hapo usiridhike na "fangasi wameonekana", maana vyote viwili vinaweza kuwa mahali pamoja. EB yenye makovu ni vilevile. Wa tatu ni fangasi wa choa anayezama chini ya ngozi na kufanya mavimbe. Mwaka 2013 yalielezwa kwa wagonjwa 17 wa familia za Algeria, Morocco na Tunisia wenye kasoro ya kurithi ya jini CARD9, na baadhi yao walifariki.

Ikifika huko, omba kipande kigawanywe: nusu kwenye fomalini kwa patholojia, nusu kwenye maji ya chumvi safi kwa kuoteshwa. Kilichozama kwenye fomalini hakioti tena. Kwenye fomu iandikwe "tafuta fangasi". Bila neno hilo rangi ya PAS inaweza isipakwe kabisa.

Kwa kucha kuna njia ninayoipendekeza kuliko zote: ncha ya kucha iliyokatwa kwa kikata kucha hupelekwa patholojia na kupakwa PAS. Haimwagi damu, na hugundua vizuri kuliko kukwangua au kuotesha. Kwa kuwa magonjwa mengi ya kurithi huharibu kucha yenyewe, usimwanzishie mtu vidonge vya miezi mitatu kwa kuangalia tu.

Na kujaribu dawa tu?

Hiki ndicho kinachofanyika zaidi, kwa hiyo lazima kiwe kwenye mizani. Krimu ya fangasi pekee, kwenye baka dogo, mahali pasipo na maabara, sioni ubaya, mradi sampuli imechukuliwa kwanza na kufungwa kwenye karatasi.

Krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kwenye mrija mmoja, ndizo ninazozipinga kwa nguvu zangu zote. Steroidi hutuliza muwasho na kufuta ukingo wa choa huku fangasi wakiendelea kula; tangu 1968 hali hiyo ina jina lake vitabuni, choa kilichojificha. Ngozi ya kurithi yenye ukuta mbovu pia hupitisha dawa nyingi hadi kwenye damu, na kwa ugonjwa wa Netherton, aina mojawapo ya iktiosi, hatari hiyo ni kubwa kupita yote. Vidonge navyo si vya kubahatisha: mtu mzima anayemeza asitretini kwa ajili ya iktiosi ana ini ambalo tayari lina mzigo, na kumwongezea dawa ya fangasi kunahitaji daktari na kipimo cha ini.

Ningechagua nini

Iktiosi au keratodema yenye badiliko jipya: kukwangua na kuotesha kwa pamoja, kwa sampuli moja iliyogawanywa, siku moja. Usingoje jibu la kwanza ili uanze la pili, maana dawa zikishaingia nafasi imepita. Darier na Hailey-Hailey: kupangusa kwa bakteria na fangasi, na taa ya Wood kama ipo, maumivu makali ya ghafla yenye vilengelenge vidogo yatazamwe kama herpesi, hospitali, siku hiyohiyo. EB: ngozi iliyoachia yenyewe, na mtu mwenye mkono mwepesi. Kucha za yeyote: ncha na PAS.

Wa kumtafuta ni daktari wa ngozi, au mtabibu wa ngozi kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wengi wao wamesomea kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha watabibu wa nchi nyingi za Afrika, na kukwangua ngozi ni kazi yao ya kila siku.

Dada aliniuliza kwenye simu, "Mdogo wangu, sasa nimpake nini usiku huu?" Nikamwambia, "Dada, mpake mafuta yake ya siku zote mwili mzima, uruke goti na kichwa. Kesho asubuhi mtabibu amkwangue." Nywele tatu zilitosha: ndani yake mlijaa mbegu za fangasi kama shanga. Wiki ya tatu sahani ikatoa ua la zambarau, Trichophyton violaceum. Daktari akapanga terbinafini kwa uzito wa mtoto, na kabla hajafunga faili akamwita mdogo wa mgonjwa, wa miaka 3, asiye na iktiosi, aliyekuwa anacheza mlangoni. Alikuwa na mapunye mawili kisogoni.

Miguu ya mtoto wetu bado ni mikavu, itabaki hivyo. Nyuma ya goti pamerudi laini.